Kidumu Shingoni: Je, Ni Haki Kumfedhehesha Dereva Mlevi Mbele ya Watu?

Mwezi wa sita, miaka michache iliyopita, kijana mmoja motari aligonga mtoto wa kike wa miaka tisa mbele ya shule, katika kijiji kimoja cha huku kwetu Lusangi, kati ya Kasongo na Kabambare. Ilikuwa siku ya soko, karibu saa sita za mchana, watoto wakitoka masomoni. Kijana alikuwa ametoka upande wa machimbo ya dhahabu na abiria wawili na mfuko wa mchele, na tangu asubuhi alikuwa anakunywa lutuku. Mguu wa mtoto ulivunjika mahali pawili. Abiria mmoja alichubuka mkono. Motari mwenyewe hakupata hata mkwaruzo, na hilo liliwakasirisha watu kuliko yote.

Vijana walimkamata kabla polisi hawajafika. Polisi walipofika hawakumtoa mikononi mwao. Mikono yake ilifungwa kwa mpira wa tairi, mtu mmoja akaleta kidumu cha lita tano ambacho bado kilinuka lutuku, wakamtundikia shingoni. Akatembezwa soko zima, kutoka kwa mama wanaouza samaki mpaka kwa wauza mitumba, huku akilazimishwa kupaza sauti: "Mimi ni mulevi! Mimi ni muuaji!" Mtoto hakuwa amekufa, lakini hakuna aliyesahihisha. Wanafunzi walimfuata wakiimba. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Nalisema mapema ili ndugu msomaji asidhani kwamba naandika kama mtu aliyesimama pembeni na mikono safi.

Kijana huyo alikuwa mwimbaji wa kwaya yetu. Jumapili iliyofuata sisi wazee wa kanisa tuliketi kabla ya ibada, tukakubaliana kwa dakika chache, na jina lake likasomwa mbele ya waumini wote: amesimamishwa kwenye Meza ya Bwana, hataimba tena, na akija ibadani ataketi benchi la nyuma. Lakini hakuwapo kulisikia. Usiku wa Jumamosi alikuwa amekwisha kukimbia. Pikipiki aliirudisha kwa mwenyewe, mke na watoto wawili akawaacha kwa dada yake mkubwa.

Basi swali ambalo wengi katika makusanyiko yetu ya mashariki wanajibu haraka sana ("Ndiyo, aonje haya!") mimi limenichukua muda mrefu. Je, kumfedhehesha mbele ya watu mtu aliyeendesha akiwa amelewa ni adhabu ya haki?

Tuanze na maneno yenyewe, maana Kiswahili chetu kinasaidia hapa. Tuna haya, tuna aibu, tuna fedheha. Watu huyachanganya, lakini si kitu kimoja. Haya hukaa ndani ya mtu. Ndiyo inayomfanya ainamishe macho mbele ya mama mkwe, ndiyo inayomzuia kuiba hata kama hakuna anayemwona. Tukisema "fulani hana haya" tunamaanisha kitu kimevunjika ndani yake. Aibu ni hali inayompata mtu jambo lake baya linapojulikana. Fedheha ni kazi ya watu: ni aibu iliyobebwa sokoni ikapigiwa ngoma. Wanaotaka dereva mlevi atembezwe wanatumaini kwamba fedheha itazaa haya. Hapo ndipo penye swali lote. Je, inazaa, au inaua?

Sheria inasema nini

Kuendesha ukiwa umelewa ni kosa katika nchi yetu. Sheria ya barabara tunayoitumia ni ile namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Na mtu akimjeruhi au kumwua mwenzake kwa uzembe, bila kukusudia, anaingia katika Kanuni ya Adhabu, ambayo kwa kuua bila kukusudia inaweka kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili pamoja na faini. Hizo ndizo adhabu. Kidumu hakimo.

Zaidi ya hapo, Katiba ya 18 Februari 2006 ina vifungu vitatu ambavyo kila mzee wa kanisa na kila sultani wa kijiji angefaa kuvijua. Kifungu cha 16 kinakataza mtu yeyote kutendewa kikatili au kwa namna ya kumshusha utu. Kifungu cha 17 kinasema kwamba mshtakiwa anahesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itakapothibitisha kosa lake, na kwamba adhabu ni ya mtu mwenyewe peke yake. Kifungu cha 18 kinasema polisi hawawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya mwenye mamlaka ya sheria, na kwamba aliyeshikwa atunzwe kwa namna inayolinda maisha yake, afya yake na heshima yake.

Tunajua jinsi inavyokwenda kwa kweli. Katika miji yetu ya mashariki si jambo geni kuona watu waliokamatwa wameketishwa chini, mikono imefungwa, kiongozi fulani anahutubia na kamera zinawapita usoni mmoja mmoja. Wanaitwa washukiwa, lakini picha imekwisha kutoa hukumu. Anayeachiliwa baadaye kwa kukosa ushahidi harudishiwi uso wake, wala hakuna kamera inayokuja siku hiyo.

Tena kwa upande wa ulevi huku kwetu kuna shida ya namna yake. Katika barabara za kusini ya Maniema hakuna kipimo cha pumzi. Polisi ananusa mdomo. Kijana aliyekunywa kikombe kimoja msibani na kijana aliyekunywa tangu alfajiri wananuka sawasawa, na anayejua kutafuna majani au kutoa faranga kidogo hanuki kabisa. Kama ushahidi ndio huo, nani atathubutu kusema kila atakayetundikiwa kidumu ni mwenye kosa kweli? Yule wetu alikuwa nalo, sikatai. Lakini soko halikungoja kujua.

Wengine wamejaribu

Hatuko peke yetu. Najua kutaja Rwanda kwa msomaji wa Congo leo ni kugusa kidonda kibichi, lakini nataja jambo la barabara tu. Katika miaka ya 2020 na 2021 polisi wa huko waliwaita waandishi wa habari mara kadhaa na kuwaonyesha madereva waliokamatwa kwa ulevi, wamepangwa mstari. Hayo yalikuja juu ya adhabu ya kawaida, ambayo ilikuwa faini ya faranga 150,000 za Rwanda na kushikwa siku tano. Wapo waliofurahi, na wapo waliouliza kama mtu anaweza kuonyeshwa hivyo kabla ya hakimu kumsikia. Kenya, kipimo cha pumzi kinachoitwa alcoblow kilipoingia barabarani mwishoni mwa 2013, runinga zilikesha pamoja na polisi. Watu waliolewa wakibishana na askari wakawa burudani ya nyumba nzima. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaona kanuni zilizotumiwa kuwashtaki hazikulingana na sheria yenyewe ya barabara. Waliokwisha kuchekwa walikuwa wamechekwa.

Mbali zaidi, jimbo la Ohio huko Marekani, kwa sheria ya 2004, liliwataka majaji wawape waliohukumiwa kwa ulevi nambari za gari za rangi ya manjano zenye herufi nyekundu, ili kila anayeliona gari ajue. Ni wazo linaloonekana safi: mtu amehukumiwa tayari, hapigwi, hafungwi kamba. Lakini gari ni la nyumba nzima. Mke anapokwenda sokoni na watoto wanapopelekwa shule, wanapanda chini ya alama ya baba. Huko Houston, katika miaka ya 1990, jaji Ted Poe alijulikana kwa hukumu za namna hiyo. Dereva mmoja aliyekuwa ameua watu wawili akiwa amelewa aliamriwa, pamoja na mambo mengine, asimame hadharani kila mwezi akishika bango linalosema alichofanya. Hilo la Houston nitalirudia, kwa sababu lina tofauti moja kubwa na kidumu chetu.

Je, inasaidia? Yaani, je, motari wa pili anaacha kunywa kwa kuwa wa kwanza alitembezwa? Mtu anayekunywa hapimi mambo kama sisi tunaoandika mezani. Pombe inalegeza akili kabla ya kulegeza miguu. Kikombe cha pili kinamwambia kwamba anaendesha vizuri kuliko jana. Na lutuku yetu inapikwa nyumbani, hakuna anayejua nguvu yake. Pipa la leo si la jana. Kinachomzuia mtu ni kujua kwamba atasimamishwa, leo, na kila mtu anasimamishwa. Jimbo la New South Wales huko Australia lilianza Desemba 1982 kumsimamisha dereva yeyote, aliyelewa na asiyelewa, apimwe pumzi, na vifo vya barabarani vikashuka upesi. Hakuna aliyetembezwa na kitu shingoni. Watu walijua tu kwamba hawawezi kupita.

Fedheha yetu haina uhakika huo hata kidogo. Inampata mmoja kati ya mia, na huyo mmoja tunaweza kumtabiri. Ni motari wa kukodi pikipiki ya mwingine, asiye na ndugu mkubwa ofisini. Mwaka ule ule wa ajali yetu palikuwa na mtu mmoja wa gari kubwa aliyekuwa akipita katika barabara hiyo hiyo jioni, amelewa mpaka anasimama katikati ya njia kusalimia mbuzi. Kila mtu alimjua. Hakuna aliyeleta kidumu. Tulikuwa tunamsogezea viti. Na mama aliyeuza lutuku ya siku ile, ni mjane, anapika pombe ili alipe ada za shule. Yeye pia hakutembezwa, namshukuru Mungu. Lakini tukubali kwamba sehemu ya sadaka yetu ya Jumapili inatoka katika mapipa yale, na hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kuuliza.

Mzee mmoja wa kijiji, aliyezaliwa kabla ya uhuru, hakucheka siku ile. Alikuja kwangu jioni akaniambia: "Mwanangu, nyinyi mumerudisha mambo ya Mbula-matari." Alikuwa anakumbuka fimbo, ile mijeledi ya ngozi ya kiboko ambayo Wabelgiji waliiita chicotte. Haikupigwa gizani. Watu walikusanywa watazame, kwa sababu kutazama kulikuwa sehemu ya adhabu. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu mmoja wao, walichora picha hiyo tena na tena, Mwafrika amelazwa chini anachapwa na mwenziwe, mzungu anasimamia. Na watu walizinunua wakazitundika nyumbani, kwa maana walijua ni habari zao. Na kabla ya Mbelgiji, njia hii ya Kasongo na Kabambare ilikuwa njia ya misafara kuelekea Ujiji. Watu waliofungwa shingo kwa shingo walipita hapa. Sisemi kidumu ni sawa na mnyororo wa mtumwa. Nasema tu kwamba nchi hii inafahamu vema mtu aliyefungwa anapotembezwa mbele ya macho ya wengine, na kwamba aliyetembezwa hakuwa mwenye kosa kila mara.

Kanisa nalo

Twende sasa nyumbani kwetu. Wengi wetu tunasoma majina. Tunasema Maandiko yanaruhusu, na kweli kuna mahali Paulo anamwambia Timotheo awakemee wanaodumu katika dhambi mbele ya wote, ili wengine waogope (1 Timotheo 5:20). Singependa kulificha neno hilo kwa kuwa halinisaidii. Lakini linasemwa kuhusu wazee, viongozi, na aya iliyotangulia inataka mashahidi wawili au watatu kwanza. Sisi tumelichukua tukalitumia kwa mwimbaji wa kwaya, wazee tukajiacha.

Na Bwana Yesu ameweka mpangilio katika Mathayo 18: umwendee ndugu yako mkiwa wawili peke yenu, asiposikia, uchukue mmoja au wawili, kanisa ni mwisho. Sisi tulianzia mwisho. Hakuna aliyemwendea. Kutoka kwangu mpaka kwa dada yake ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu.

Torati yenyewe, ambayo tunaiona kali, inaruhusu mkosaji achapwe, lakini inaweka masharti ambayo soko letu halikuyaweka: hakimu ahukumu kwanza, adhabu itolewe mbele ya macho yake, ipimwe kwa kosa, na isipite viboko arobaini. Sababu inayotajwa ndiyo inayonishika (Kumbukumbu la Torati 25:1–3). Kikomo kimewekwa ili ndugu asionekane duni machoni pa mwenzake. Hata anapochapwa anaitwa ndugu. Paulo naye, alipowaandikia Wakorintho juu ya mtu waliyemwadhibu, anawaambia kwamba inatosha, sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni (2 Wakorintho 2:6–8). Adhabu ya kanisa yenye tarehe ya kuanza na isiyo na tarehe ya kwisha sijaiona katika Agano Jipya. Katika daftari letu la nidhamu nimeiona mara nyingi. Kuna majina ya miaka kumi.

Mtaalamu mmoja wa mambo ya adhabu kutoka Australia, John Braithwaite, aliandika kitabu mwaka 1989 kuhusu jambo hili, na anachosema kinakaribia sana walichojua wazee wetu wa barza. Anasema kuna aibu za namna mbili. Moja inamwambia mtu: ulichofanya ni kibaya, na wewe ni wetu. Nyingine inamwambia: wewe ndiye ubaya wenyewe, toka. Ya kwanza inamrudisha, ya pili inamsukuma kwa wenzake waliokwisha kutupwa, huko ambako ubaya wake unakuwa sifa. Sikuhitaji kitabu kuona ya pili. Kijana wetu alikimbilia machimboni upande wa Salamabila, na huko kidumu ni cha kila jioni.

Na nani alibaki na adhabu? Mwanawe wa miaka sita. Shuleni wakamwita Kidumu. Mwalimu mmoja alimwita hivyo darasani, kwa mzaha. Kifungu cha 17 kinasema adhabu ni ya mtu mwenyewe; fedheha haijui kusoma Katiba. Mtoto aliacha shule mwezi wa kumi.

Mama wa mtoto

Mpaka hapa utadhani nataka mambo haya yamalizwe kimya kimya. Hapana, na aliyenifundisha ni mama wa yule binti.

Tulimwendea baada ya wiki nyingi, mimi na mama mmoja wa ushirika wa wanawake, kwa haya kidogo, tukiwa na sukari na sabuni. Mguu ulikuwa umefungwa na fundi wa mifupa wa kijiji, ukaunga vibaya. Binti alikuwa anatembea kwa fimbo. Tukamwambia tunasikitika kwa yale ya sokoni, kwamba hayakuwa ya Kikristo. Alitutazama akasema:

"Miye sikuwako sokoni. Nilikuwa na mtoto wangu. Nyinyi mlicheka, mkashiba, mkaenda nyumbani. Na sasa watu wanasema mtoto alijitupa barabarani mwenyewe. Nani amesimama kusema hapana?"

Ilikuwa kweli. Soko zima lilimwona motari, lakini hakuna aliyeandika wala kusema mbele ya watu jinsi mambo yalivyokuwa: kwamba alikuwa amekunywa, kwamba binti alikuwa pembeni kabisa, karibu na ua wa shule. Fedheha ilipiga kelele nyingi bila kusema ukweli wowote. Mwenye deni alikuwa amefukuzwa, kwa hiyo hata faranga moja ya matibabu haikupatikana. Familia yake ilikuwa tayari kuleta mbuzi usiku, jambo lifungwe, mama alikataa.

"Sitaki afe kwa haya," alisema. "Nataka aje aseme yeye mwenyewe alichofanya, watu wasikie, mtoto wangu asikie. Halafu alipe. Halafu aende kwa amani."

Ninaporudia hukumu ya Houston, hapo ndipo naona tofauti. Bango lile lilikuja baada ya ushahidi na hukumu, na lilisema tendo: niliua watu wawili nikiwa nimelewa. Kidumu chetu kilisema mtu: mimi ni mulevi, mimi ni muuaji. Bado sipendi bango la kila mwezi. Kwa maoni yangu mara moja inatosha, na mtu akilazimishwa kurudia sana maneno hayo yanakuwa kazi ya mdomo tu. Lakini ukweli wa jambo kusemwa wazi ni haki ya aliyeumizwa, na kanisa likimnyima haki hiyo kwa jina la upole, limechagua upande. Zakayo alisimama mbele ya watu. Hakuna aliyemsimamisha, alisema mwenyewe, na alichosema kilikuwa na hesabu ndani yake: nusu ya mali, na mara nne kwa waliodhulumiwa.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemfuata kijana Salamabila. Ilimchukua safari mbili. Alirudi mwezi wa kumi na moja, usiku, amekonda. Wazee wawili wa kanisa walikwenda kulala naye nyumbani kwa dada, kwa kuwa aliogopa vijana wa soko. Baada ya siku tatu alikubali kukutana na mama, mbele ya baba wa mtoto, Mchungaji na kapita wa kijiji. Polisi walipewa habari, ili mtu asiseme baadaye kwamba tumeficha kosa au tumejifanya mahakama. Jalada lilibaki lao.

Halafu, siku moja tu, kwenye barza, alisimama. Hakufungwa. Alisema saa ngapi alianza kunywa na vikombe vingapi alivyokumbuka. Alisema binti alikuwa pembeni ya barabara na hakukimbia. Alilia, lakini si hilo lililonigusa. Lililonigusa ni kwamba aliposema "pembeni", binti aliyekuwa ameketi karibu na mama yake alitikisa kichwa kukubali, mara mbili, kama mwalimu anayesahihisha hesabu na kuikuta iko sawa. Baba wa mtoto hakusema neno siku hiyo. Mpaka leo hamsalimu kijana, wala hatujamlazimisha.

Walikubaliana alipe gharama za kumpeleka binti kwa daktari wa mifupa, kidogo kidogo, na mwenye pikipiki achangie. Amelipa kwa kuchelewa, miezi mingine hakulipa kabisa. Mguu haujanyoka sawasawa. Mchungaji alikwenda shuleni kuongea na yule mwalimu, na mtoto wa miaka sita akarudi darasani, ingawa jina bado linasikika katika mchezo wa mpira. Wamotari wenyewe waliamua kwamba siku za soko kiongozi wao atashika ufunguo wa mtu yeyote aliyeonekana anaingia kwa mama wa lutuku, mpaka kesho yake asubuhi. Inafanyika soko moja, soko la pili inasahauliwa.

Katika kanisa letu tumeacha kusoma majina. Halikuwa jambo jepesi. Mzee mmoja alisema tunafungua mlango kwa dhambi, na tulipiga kura, na tulishinda kwa kura mbili tu. Daftari la nidhamu tumelipitia lote. Kila jina sasa lina mtu wa kumtembelea na tarehe ya kuliangalia tena. Watatu tulikuta wamekwisha kufariki wakiwa bado benchi la nyuma.

Jambo moja mama aliomba ambalo hatukulitarajia. Alitaka tuta mbele ya shule, la kupunguza mwendo wa pikipiki. Kijana alilichimba pamoja na wenzake wanne, mawe wakayabeba kutoka mtoni kwa vichwa. Lipo mpaka leo. Mvua ya mwaka jana imelila upande wa kushoto, na wamotari wamekwisha kugundua kwamba wakipita upande huo hawahitaji kupunguza mwendo. Jumamosi ijayo tunakwenda kulijaza. Kijana amesema ataleta majembe mawili.